Elektroni Haitoki Bure: Habari za Chumvi, Mabati na Betri ya Tochi



Masika moja tulikuwa wageni katika nyumba moja kijijini. Usiku mama mwenye nyumba alitaka kwenda zizini kumwangalia ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Alishika tochi, akabonyeza. Tochi ikatoa mwanga mwekundu kama wa kichungi cha sigara, kisha ikazima. "Betri zimekufa," akasema. Akazitoa, akazipanga kando ya mafiga, karibu kabisa na makaa. "Zipate moto kidogo, zifufuke."

Sisi tuliendelea na mazungumzo. Baada ya muda tukasikia mlio mkubwa, pu! Betri moja ilikuwa imepasuka. Uji mweusi wa moto ulimrukia mtoto aliyekuwa akiota moto, ukamwunguza mkono. Tulimwosha kwa maji mengi ya baridi, na kulipopambazuka tukampeleka zahanati. Alipona, lakini kovu lilibaki.

Siku ile yule mama alituuliza swali. "Ninyi watu wa gazeti, hebu nielezeni. Betri ikiisha, nguvu yake huwa imekwenda wapi? Ukiipasha moto mbona huwaka tena kidogo? Na kama moto huirudishia nguvu, mbona hii imenipasukia?"

Kusema kweli hatukuwa na jibu la haraka. Tuliuliza, tukasoma, na leo tunaleta jibu. Ni jibu refu kidogo. Linaanzia kwenye kitu kidogo sana ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa macho, nacho ni elektroni. Soma polepole. Ukiwa na kikundi chenu cha kisomo, someni pamoja.

ATOMI NI NINI?

Chukua kipande cha zinki. Kikate nusu. Nusu ile ikate tena, na tena, na tena. Kama ungekuwa na kisu cha ajabu, mwisho ungefika kwenye kipande kidogo ambacho ukikikata tena hakitakuwa zinki. Kipande hicho cha mwisho huitwa atomi. Atomi ni ndogo mno. Ukizipanga atomi za zinki katika mstari mmoja, kama wanafunzi kwenye gwaride, utahitaji karibu milioni 4 ili upate urefu wa milimita 1 tu.

Katikati ya atomi kuna kiini. Kiini kina chaji chanya. Kukizunguka kiini kuna elektroni, nazo zina chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Zinazofanana husukumana. Ndiyo sheria yenyewe. Mtaalamu wa Uingereza, J. J. Thomson, ndiye aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vitu vidogo hivi vya chaji hasi vipo kweli.

Ili tuelewe, tufikirie watu wanaoota moto usiku wa baridi. Moto ni kiini. Watu ni elektroni. Wachache wamekaa karibu sana na moto. Nyuma yao kuna duara la pili, na nyuma yao duara la tatu. Aliye duara la nje hapati joto sana. Yuko mbali, tena waliokaa mbele yake wanamkinga. Mtu huyo ukimwita aondoke, ataondoka kwa urahisi kuliko aliyekaa karibu na moto.

Hali ya atomi inafanana na hiyo. Elektroni zilizo karibu na kiini zimeshikwa sana. Zile za nje zimeshikwa kidogo. Lakini mfano huu una mpaka wake. Elektroni hazikai mahali pamoja kama watu. Wataalamu wa leo husema zimeenea kukizunguka kiini kama wingu. Kwa kazi yetu, mfano wa moto unatosha.

Sasa tutazame atomi mbili. Ya kwanza ni ya sodiamu. Ina elektroni 11. Duara la kwanza lina 2, la pili lina 8, na 1 imebaki peke yake nje. Ya pili ni ya klorini. Ina elektroni 17. Duara la kwanza 2, la pili 8, la tatu 7. Duara hilo la tatu lingeweza kuwa na 8. Kwa hiyo kuna nafasi moja wazi, na moto wenyewe ni mkubwa kuliko ule wa sodiamu.

KUNG'OA ELEKTRONI NI KAZI

Mara nyingi mtu hufundishwa hivi: "Sodiamu inapenda kutoa elektroni yake." Usemi huo ni rahisi kukumbuka, lakini unapotosha. Hakuna atomi hata moja inayotoa elektroni bure. Kiini kinaivuta. Kuing'oa ni kama kuvuta ndoo ya maji kutoka kisimani. Lazima mtu atoe jasho. Jasho hilo kwa lugha ya wataalamu huitwa nishati. Visima vingine ni vifupi na vingine ni virefu, lakini hakuna kisima ambacho ndoo hupanda yenyewe.

Nishati hupimwa kwa kilojuli. Ukitaka kuongeza joto la lita 1 ya maji kwa digrii 1 tu, unahitaji kilojuli 4 na kidogo. Na kwa kuwa atomi moja ni ndogo mno, wataalamu hawahesabu moja moja. Sisi tunapima mahindi kwa debe. Wao wana debe lao, linaloitwa moli. Kila debe lina idadi ileile ya atomi. Debe moja la sodiamu lina uzito wa gramu 23. Debe moja la klorini lina uzito wa gramu 35 na nusu.

Haya, tazameni gharama ya kung'oa elektroni moja kutoka kila atomi iliyo katika debe:

Sodiamu: kilojuli 496.
Shaba: kilojuli 745.
Dhahabu: kilojuli 890.
Heliamu: kilojuli 2,372.

Sodiamu ni kisima kifupi. Dhahabu ni kirefu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya pete ya dhahabu isishike kutu hata ikirithiwa na wajukuu. Heliamu ndiyo kisima kirefu kuliko vyote.

Je, tukishang'oa ile elektroni moja ya sodiamu, tunaweza kung'oa ya pili? Tunaweza, lakini gharama yake ni kilojuli 4,562. Hiyo ni zaidi ya mara 9 ya gharama ya kwanza! Sababu ni kwamba elektroni hiyo ya pili iko duara la ndani, karibu na moto. Ndiyo maana kwa kawaida sodiamu hupoteza elektroni moja tu, haipotezi mbili.

Atomi ikipoteza elektroni haibaki kama zamani. Chaji chanya huzidi. Ikipokea elektroni, chaji hasi huzidi. Atomi yenye chaji iliyozidi namna hiyo huitwa ioni.

KUPOKEA NAKO KUNA HESABU YAKE

Upande wa kupokea mambo ni tofauti. Elektroni ikiingia katika nafasi wazi ya klorini, ni kama jiwe kudondoka shimoni. Jiwe likidondoka hutoa kishindo, na elektroni ikidondoka hutoa nishati. Debe moja la klorini likipokea elektroni hutoa kilojuli 349.

Lakini si kila atomi inakaribisha mgeni. Heliamu haitaki. Na oksijeni ina kituko chake. Elektroni ya kwanza inaipokea na kutoa kilojuli 141. Ya pili inasukumwa nyuma, kwa sababu atomi imekwisha kuwa na chaji hasi, na hasi husukuma hasi. Kuiingiza hiyo ya pili ni gharama, si faida.

HESABU YA CHUMVI

Sasa mwenye duka yeyote atauliza swali. Sodiamu inadai 496. Klorini inalipa 349 tu. Pengo ni 147. Biashara hii ni ya hasara! Basi iweje sodiamu na klorini zikikutana hushikana kwa moto mkali, na kuwa chumvi tunayotia kwenye mboga?

Swali hilo ni zuri. Tufanye hesabu kamili, kama katika daftari la duka la ushirika. Tunaanza na sodiamu ya kawaida, ambayo ni metali laini ya kukatika kwa kisu, na hewa ya klorini.

Matumizi:
Kuzitenganisha atomi za sodiamu zilizoshikana: 107.
Kuzitenganisha atomi za klorini zilizoshikana mbili mbili: 122.
Kung'oa elektroni za sodiamu: 496.
Jumla ya matumizi: 725.

Mapato:
Klorini kupokea elektroni: 349.
Ioni za sodiamu na za klorini kuvutana na kujipanga pamoja: 787.
Jumla ya mapato: 1,136.

Faida: kilojuli 411.

Kumbe siri iko hapo kwenye ile 787. Kubadilishana elektroni peke yake hakulipi. Kinacholipa ni kukumbatiana baada ya kubadilishana. Ioni chanya za sodiamu na ioni hasi za klorini huvutana kutoka pande zote. Hujipanga moja moja kwa zamu, juu, chini, mbele, nyuma, kushoto na kulia, kama matofali ya ukuta uliojengwa na fundi hodari. Ukiitazama chembe ya chumvi ya mawe utaona pembe zake zilivyo za mraba. Mpangilio huo unaanzia kwenye ioni zenyewe.

Faida ile ya kilojuli 411 hutoka kama joto na mwanga wa manjano. Si kidogo. Inatosha kuchemsha zaidi ya lita 1 ya maji, na chumvi iliyopatikana ni gramu 58 na nusu tu, yaani kama vijiko vitatu vikubwa.

Jambo hili ni la ajabu ukilifikiri. Sodiamu yenyewe ukiitupa majini huchemka na inaweza kulipuka. Klorini ni hewa ya sumu. Ilitumiwa vitani kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Lakini chumvi inayotoka Uvinza, au ile inayoanikwa juani kando ya bahari, tunaila kila siku. Ndani yake mna sodiamu na mna klorini. Kwa nini haitudhuru? Ni kwa sababu ni ioni. Sodiamu yake ilikwisha kupoteza elektroni, na klorini yake ilikwisha kupokea. Biashara ilikwisha kufanyika, faida ikatoka, zimetulia.

Ukitaka kuzitenganisha tena, lazima uilipe faida yote uliyoipata. Hakuna msamaha. Humphry Davy wa Uingereza alipata sodiamu kwa mara ya kwanza mwaka 1807, na alitumia nguvu ya umeme. Hata leo viwanda huyeyusha chumvi na kupitisha umeme ili kuzirudisha elektroni zilikotoka.

Kwa hiyo tukumbuke mambo matatu:

1. Kung'oa elektroni kunagharimu nishati.
2. Kupokea elektroni mara nyingi hutoa nishati, lakini si kila mara.
3. Jambo zima litatokea lenyewe ikiwa hesabu ya mwisho inaleta faida.

TURUDI KWENYE TOCHI

Haya, tochi sasa. Betri ya kawaida ya tochi ina kikombe cha zinki. Ndani yake kuna unga mweusi wa manganizi iliyochanganyika na oksijeni, pamoja na unga wa kaboni. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni. Na kuna ujiuji wenye chumvi ya namna fulani, unaolowanisha vyote. Ujiuji huo si chumvi ya mezani, msiuonje!

Asili ya chombo hiki ni ya zamani. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga sahani za zinki na za fedha, akaweka kati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme. Mwaka 1866 Georges Leclanché wa Ufaransa alitumia zinki na manganizi. Betri ya tochi ni mjukuu wa kazi yake.

Ndani ya betri zinki hupoteza elektroni, mbili kwa kila atomi. Nani analipa gharama? Wanalipa wawili. Kwanza ule ujiuji, ambao huzikumbatia ioni za zinki kama tulivyoona kwenye chumvi. Pili ni manganizi, ambayo huzipokea elektroni. Ukijumlisha yote, faida inabaki.

Sasa angalieni ujanja. Kama zinki na manganizi zingegusana moja kwa moja, elektroni zingehama palepale na faida yote ingekuwa joto tu. Fundi wa betri amezitenga. Elektroni haziwezi kuogelea kwenye ujiuji. Njia pekee waliyoachiwa ni ya nje: kutoka kitako cha betri, kupitia waya na balbu, mpaka kwenye chuchu ya juu. Unapobonyeza swichi unafungua njia. Elektroni zinakimbia, na zikipita kwenye balbu zinaacha nishati yao pale. Ndiyo mwanga unaomulika njia yako. Ni kama maji ya mfereji yanayoteremka kutoka mlimani. Ukiyaacha yaporomoke hovyo hupati kitu. Ukiyapitisha kwenye gurudumu la mashine, yanakusagia mahindi.

Pale kwenye betri pameandikwa volti 1.5. Hicho ndicho kipimo cha mporomoko, yaani kila elektroni inateremka kwa kiasi gani. Ukiunganisha betri mbili kichwa kwa kitako, mporomoko unakuwa volti 3.

Na kila kinachotoka kina hesabu. Gramu 1 ya zinki ikiliwa yote inaweza kuwasha balbu ndogo ya tochi, ya ampea 0.3, kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Zinki ikiisha, basi. Hakuna elektroni za kuhama.

BASI NGUVU IMEKWENDA WAPI?

Sasa tunaweza kumjibu yule mama. Nguvu ya betri haikupotea. Ilitoka kama mwanga na joto kila alipowasha tochi. Ndani ya betri zinki imekwisha kugeuka ioni, na manganizi imekwisha kupokea. Ni kama chumvi. Biashara imekwisha, faida imetumika.

Mbona ukiianika juani huwaka tena kidogo? Ni kwa sababu betri ikikaribia kwisha, ujiuji huziba njia. Ioni hazitembei vizuri. Joto huzifanya zitembee upesi zaidi, na mapumziko huzipa nafasi ya kujisambaza. Kwa hiyo unapata masalio. Ni kama kukung'uta gunia la unga. Ukilikung'uta utapata kikombe kimoja zaidi, lakini kukung'uta hakuleti mahindi mapya kutoka shambani. Jua halirudishi elektroni hata moja kwenye zinki.

Mbona moto huipasua? Ujiuji una maji. Maji yakipata moto huwa mvuke, na mvuke unataka nafasi. Betri imezibwa. Basi hupasuka, na uji wake ni wa moto na unaunguza. Hiyo ndiyo sababu ya kovu la yule mtoto.

Je, betri za kuchaji? Hizo ni tofauti. Zimetengenezwa ili elektroni zirudishwe. Unapoiweka taa ya sola juani, kile kibao cha sola hulipa gharama. Husukuma elektroni zipande mlima tena. Usiku zinateremka na kukupa mwanga. Si joto la jua linalofanya kazi hiyo, ni kibao. Betri ya kawaida ya tochi haikutengenezwa hivyo. Ukiichaji kwa nguvu, hutoa hewa ndani na inaweza kupasuka au kuvuja. Na betri ya simu, ambayo hutumia lithiamu na mara nyingi ina volti 3.7, ina faida kubwa iliyojazwa mahali padogo. Ukiitoboa au kuitia motoni, faida hiyo hutoka yote mara moja. Hapo ni moto.

MABATI NAYO

Kutu ni jambo lilelile. Chuma hupoteza elektroni, na oksijeni ya hewa huzipokea, maji yakiwapo. Hesabu yake ina faida, kwa hiyo hutokea yenyewe, polepole, mchana na usiku.

Mabati ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hutoa elektroni kwa gharama ndogo kuliko chuma pale penye maji. Kwa hiyo oksijeni ikija kudai, zinki hulipa kwanza. Hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki ya kando huendelea kukilinda chuma. Zinki ikiliwa yote, ndipo chuma huanza kudaiwa. Wenzetu wa pwani wanajua kwamba mabati yao huisha upesi. Upepo wa bahari una chumvi, na maji ya chumvi hupitisha ioni vizuri, kama ule ujiuji wa betri.

Kwa hiyo usipigilie bati kwa misumari ya shaba wala usilifunge kwa waya wa shaba. Shaba, zinki na maji ya mvua vikikutana, umejitengenezea betri juu ya paa. Zinki italiwa upesi pale zinapogusana, kisha chuma kitafuata.

WATOTO NA VIBETRI VIDOGO

Siku hizi kuna vibetri bapa kama kifungo cha shati. Vimo kwenye saa, vipima joto, rimoti na vitu vya kuchezea. Mtoto mdogo akikiona hukitia mdomoni. Akikimeza na kikakwama kooni, mate na nyama ya koo huwa ndiyo waya. Elektroni hupata njia. Umeme huo hugeuza majimaji ya pale kuwa dawa kali ya kuunguza, kama magadi makali sana. Ndani ya saa 2 tu koo laweza kuungua vibaya, na wapo watoto waliokufa. Hata kibetri kilichoshindwa kuendesha saa bado kina nguvu ya kutosha kuunguza.

Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usimtapishe wala usingoje kuona kama kitatoka. Mkimbize hospitali wakati uleule, na useme wazi: "Amemeza betri."

BETRI YA GARI

Betri ya gari ina risasi na tindikali. Wako watu wanaoivunja na kuiyeyusha risasi nyumbani ili watengeneze vizito vya nyavu. Msifanye hivyo. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na haionekani. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchi ya Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya kazi ya namna hiyo mitaani mwao.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usipashe betri moto wala usiitupe motoni.
2. Usichanganye betri mpya na kuukuu katika tochi moja. Kuukuu huivuta mpya, na huvuja.
3. Betri ikiisha itoe kwenye tochi au redio. Kikombe cha zinki kikiliwa hutoboka, na ujiuji hula chombo chako.
4. Usitoboe betri na kuitia maji ya chumvi.
5. Kama unga wake mweusi hutumika kupaka ubao wa shule, usiwape watoto kazi hiyo, na osha mikono.
6. Vibetri vidogo viwekwe mahali ambapo mtoto hafiki.
7. Betri zilizokwisha zikusanyeni pamoja, mbali na kisima na mbali na watoto, mpaka zipelekwe penye mpango wa kuzipokea.

Tulirudi kwa yule mama tukamsomea jibu hili. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema: "Kumbe nilikuwa nakung'uta gunia tupu juu ya moto." Kisha akamwita mwanawe, akamwambia azitoe betri zote zilizokuwa zimepangwa juu ya dari ya jiko.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini elektroni ya nje hung'oka kwa urahisi kuliko ya ndani?
2. Sodiamu inadai kilojuli 496 na klorini inalipa 349. Pengo hulipwa na nini?
3. Betri ya tochi na taa ya sola, zote huwekwa juani. Jua linafanya nini katika kila moja?
4. Katika nyumba zenu, betri zilizokwisha huwekwa wapi? Jadilianeni, mkubaliane mtakalofanya wiki hii.